Si fundi mkuu, si injinia: msimamizi wa ujenzi anasomea nini?

Ukipanda daladala asubuhi kutoka Uyole kwenda Mwanjelwa, mazungumzo hayakawii kufika kwenye barabara. Upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29 za barabara ya TANZAM, ile ya kwenda Zambia, zinazopasua jiji la Mbeya, umekuwa darasa la wazi na kila abiria ana swali lake. Mbona wamechimba hapa wakahamia kule? Mbona mtaro unajengwa na lami haijaonekana? Mitambo imesimama na jua linawaka, inasubiri nini? Kisha mtu wa siti ya nyuma anafunga mjadala: tatizo ni mainjinia wetu.

Nimefanya kazi saiti miaka mingi, na kila nikiwasikiliza naona lawama imebebeshwa mtu mmoja tu. Yachunguze yale maswali. Hakuna aliyeuliza daraja linabeba tani ngapi. Watu wanauliza nini kinatangulia nini, nani anamsubiri nani, fedha imefikia wapi, na mvua ikianza itakuwaje. Maswali ya namna hiyo yana taaluma yake, na inafundishwa chuo kikuu. Inaitwa usimamizi wa ujenzi.

Binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha sita Iringa, alinipigia simu wakati wa kuomba vyuo. "Shikamoo mjomba. Nimeona kozi ya usimamizi wa ujenzi. Bibi anasema hiyo ni kazi ya kuwaangalia vibarua, haihitaji chuo. Baba anasema nichague uinjinia, huku ni kwa waliokosa alama. Ni kitu gani hasa, mjomba?" Nilimwomba siku mbili. Haya ndiyo niliyomjibu, na nimeyaongeza kwa sababu najua hayuko peke yake.

Nani ni nani

Tuanze na majina, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. Tuseme mama mmoja wa Soweto, Mbeya, anataka kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa. Yeye ndiye mwenye mradi. Kwenye mikataba rasmi utamkuta ameandikwa mshitiri. Anayechora jengo, vyumba vikae wapi na hewa ipite wapi, ni mbunifu majengo. Anayekokotoa msingi ushuke kina gani na nondo ziwe za milimita ngapi ili jengo lisianguke ni mhandisi. Anayegeuza michoro kuwa vipimo na shilingi ni mkadiriaji majenzi. Ndiye huandaa ile BOQ, kitabu kinachoorodhesha kila kazi, wingi wake na bei yake. Mkandarasi ni kampuni inayochukua kazi ya kujenga kwa mkataba. Mafundi na saidia fundi ndio wanaoinua jengo kwa mikono yao.

Msimamizi wa ujenzi ni yule anayehakikisha watu wote hao, pamoja na vifaa na fedha, wanakutana mahali pamoja kwa wakati wake na kwa mpangilio wake, na jioni kila mtu anarudi nyumbani mzima. Mfikirie mwenyekiti wa kamati ya harusi. Hapiki, hashoni gauni, hapigi muziki. Lakini pilau ikiiva saa nne usiku na wageni walifika saa moja, hakuna anayemlaumu mpishi peke yake. Watu wanauliza: nyama ilinunuliwa lini? Kuni zilifika saa ngapi? Nani alishika fedha?

Hapa pana jambo ambalo hata wahitimu hulichanganya. Msimamizi anaweza kukaa upande wowote wa mkataba. Akiajiriwa na mkandarasi huitwa meneja wa saiti au meneja wa mradi, na kazi yake ni kumaliza kazi iliyo bora ndani ya muda, kampuni ikibaki na faida halali. Akiajiriwa na mwenye mradi, anakuwa jicho la mwenye mradi: anakagua ratiba, anahoji madai ya malipo, anakataa kazi iliyo chini ya kiwango. Elimu ni ileile, wajibu ni tofauti. Kinachoharibu miradi ni mtu mmoja kukaa viti vyote viwili, akijenga kwa mkono wa kulia na kujikagua kwa mkono wa kushoto.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, swali lililosikika hata huku kwetu lilikuwa moja: injinia wake ni nani? Ni swali la haki. Ila kwa jengo lolote lile, linapojengwa au linapofanyiwa marekebisho, lipo swali jingine la kuandamana nalo: nani aliruhusu kazi ya leo ianze, na alikagua nini kabla ya kuruhusu? Hilo ni swali la usimamizi.

Anza na maharage

Moyo wa taaluma hii ni ratiba. Si ratiba ya kubandika ukutani ofisini, bali kuelewa kazi ipi inaifungia nyingine mlango.

Chukua chakula cha mchana: ugali, maharage na mchicha. Maharage yanataka saa mbili, ugali nusu saa, mchicha dakika kumi. Mpishi mwenye akili anaanza na maharage, halafu ndani ya zile saa mbili anachambua mchicha na kusonga ugali. Mchicha ukichelewa dakika tano hakuna atakayejua. Maharage yakichelewa dakika tano, chakula chote kimechelewa dakika tano. Kazi zenye tabia ya maharage ndizo huamua mradi utaisha lini, na mwanafunzi wa usimamizi anafundishwa kuzitambua kwa hesabu: achore kazi zote kama mtandao, aandike siku za kila moja, kisha atafute mnyororo mrefu kuliko yote. Kazi zilizomo kwenye mnyororo huo hazina nafasi ya kuteleza. Nyingine zinayo kidogo, na kujua ni siku ngapi ndiko kunakomwezesha msimamizi kuhamisha mafundi watano kutoka kazi ya mchicha kwenda kazi ya maharage.

Sasa rudi kwenye barabara na maswali ya daladala. Mtaro unatangulia lami kwa sababu maji ndiyo adui wa kwanza wa barabara. Ukimwaga lami kwanza utaichimba tena kupitisha kalavati. Kabla ya mtaro kuna mabomba ya maji, nguzo za umeme na nyaya za mawasiliano za kuhamishwa, na kila kimoja kina mwenyewe, mwenye bajeti na foleni yake. Ndiyo sababu katika mradi wowote wa barabara ya mjini unaweza kuona mita mia mbili zimerukwa. Yawezekana pana bomba ambalo halijahamishwa, au kifusi kilichoshindiliwa kinasubiri majibu ya maabara. Si kila kusimama ni uvivu. Kupo kusimama kwa uzembe pia, na msimamizi mzuri ndiye anayeweza kukuonyesha kwa maandishi kipi ni kipi.

Kalenda yetu ya kusini

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa mbali na hapa. Anayesoma ili afanye kazi Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe anapaswa kuongeza sura ambayo hataikuta kitabuni.

Nyanda zetu zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na Rungwe mvua huwa haina adabu hata Mei. Kwa hiyo msingi, kazi za udongo na kupaua vinapaswa kupangwa kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya mvua. Tofali za kuchoma hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi. Asiyenunua mapema atanunua kwa bei ya anayelia. Saruji inatoka karibu, Songwe kuna kiwanda, lakini ukiihifadhi Tukuyu kwa kuiegemeza ukutani na kuilaza sakafuni, mifuko inapata unyevu na kugeuka mawe. Inapandishwa juu ya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka.

Mbao ni somo langu chungu. Mafinga na shamba la miti la Sao Hill viko mlangoni kwetu, tunapata mbao kwa urahisi kuliko mikoa mingi, na urahisi huo unadanganya. Miaka yangu ya mwanzo niliagiza mbao za paa wiki ambayo boma, yaani kuta zisizo na paa, lilifika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Zilikuja mbichi, zikapigiliwa mbichi, na baada ya miezi michache zilipokauka zilijikunja na dari ikaonyesha mawimbi. Fundi hakukosea hata msumari mmoja. Mimi ndiye nilikosea, miezi mitatu kabla, kwa kutoagiza wakati tunachimba msingi ili zikauke kivulini. Tangu siku ile naelewa kwamba makosa ya usimamizi huonekana muda mrefu baada ya kutendwa, na kwa kawaida huonekana kwenye kazi ya mtu mwingine.

Kuna baridi pia. Makete na Njombe, Juni na Julai, zege linakomaa taratibu kuliko Dar es Salaam. Nguvu ya zege hupimwa kwa kawaida likiwa na siku 28, na linatakiwa kumwagiliwa maji angalau siku 7, lakini siku za kuondoa mirunda, zile nguzo za muda zinazoshikilia zege chini ya sakafu ya ghorofa, haziwezi kunakiliwa kutoka saiti ya pwani. Msimamizi anayepanga ratiba bila kuuliza joto la mahali anapanga hatari.

Na pengine mazingira hubadili hata aina ya kitu kinachojengwa. Barabara ya Lusitu hadi Mawengi kule Ludewa, kilomita 50, ilijengwa kwa zege badala ya lami, kwenye eneo la milima mikali na mvua nyingi. Zege kwa kawaida ni ghali siku ya kujenga, ila huhitaji matengenezo machache miaka inayofuata. Kupima gharama ya siku ya kwanza dhidi ya gharama ya miaka thelathini ni sehemu ya masomo haya, na kwa mtu wa nyanda za juu ni sehemu isiyo ya kinadharia hata kidogo.

Fedha: mahali makandarasi wanapofia

Nikiulizwa ni somo gani mwanafunzi asilikimbie, nitasema mzunguko wa fedha. Wengi wanadhani mkandarasi akipata kazi ya milioni 300 amepata milioni 300. Hebu tuhesabu pamoja.

Tuseme kazi ni ya miezi 6, na kila mwezi anakamilisha kazi ya thamani ya milioni 50. Kumfikisha hapo kunamgharimu milioni 45: saruji, nondo, mafuta, mishahara. Faida yake ni milioni 5 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza kazi inapimwa, hati ya malipo inaandikwa, inakaguliwa. Tuseme malipo yanaingia siku 60 baadaye. Fedha ya kwanza inamfikia mwisho wa mwezi wa tatu. Kufikia hapo ameshatumia milioni 135 kutoka mfukoni, benki au kwa wauza vifaa wanaomdai. Na hiyo fedha ya kwanza haiji kamili. Mkataba ukisema asilimia 10 izuiwe kama dhamana ya ubora, anapokea milioni 45. Zile 5 zilizozuiwa ndizo faida yake yote ya mwezi. Kwa kawaida atapata sehemu siku ya makabidhiano, na iliyobaki baada ya kipindi cha matazamio, pale kasoro zote zitakapokuwa zimerekebishwa.

Yapo malipo ya awali yanayotolewa kwa dhamana ya benki, yanasaidia. Lakini sasa unaona kwa nini kampuni yenye kazi nyingi, inayopata faida kwenye karatasi, inaweza kushindwa kulipa vibarua Ijumaa. Na unaona kwa nini mitambo inaweza kusimama jua likiwaka. Msimamizi aliyefundishwa vizuri huchora mistari miwili, fedha inayotoka na fedha inayoingia, kabla hata ya kusaini mkataba, na akiona pengo lisilozibika anamwambia mwajiri wake: kazi hii tuiache.

Jambo jingine la fedha linawahusu hata wanaojenga nyumba zao wenyewe. Boma si nusu ya nyumba. Kuta zinapanda haraka, zinaonekana kutoka barabarani, majirani wanapongeza. Kisha vinakuja paa, milango, madirisha, umeme, mabomba, lipu, sakafu na rangi, na hapo ndipo fedha inapoishia. Vijiji vyetu vingi vina maboma ya madarasa na zahanati yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi yakisubiri kumaliziwa. Nguvu ilikuwepo. Kilichokosekana mara nyingi ni hesabu ya safari nzima kabla ya kuchimba msingi.

Mwalimu mkuu kama msimamizi

Mwaka 2021 serikali ilipata shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu ya fedha hiyo ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa muda mfupi. Kazi nyingi za namna hii hujengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: badala ya kumpa mkandarasi, taasisi inanunua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa eneo husika. Shuleni zinaundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, na mwalimu mkuu anajikuta katikati.

Ninawaheshimu sana walimu waliobeba mzigo ule. Lakini tazama mzigo huo ulidai nini kwao. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 10 kwa 12 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 12 za zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unahitaji karibu mifuko 80. Ikiletwa 60, nani anajua? Fundi akiongeza maji ili zege litiririke kwa urahisi, nani anamzuia? Halmashauri zote zikitafuta saruji na mafundi wiki moja, nani aliagiza mapema? Mwalimu alisomea kufundisha hisabati au Kiswahili. Maswali haya yanataka mtu aliyesomea haya. Kila ninapopita shule za Mbarali au Mufindi nawaza kwamba halmashauri ikiwa na wahitimu watatu wanne wa fani hii, wakizunguka kwa pikipiki kutoka saiti hadi saiti, wangejilipa mara nyingi kwa vifaa watakavyookoa.

Darasani kuna nini, na jina la shahada lina maana gani

Masomo yenyewe ni mchanganyiko: vifaa vya ujenzi na mbinu zake, kusoma michoro, upimaji, misingi ya uhandisi wa miundo, ukadiriaji wa gharama, ratiba, sheria za mikataba, manunuzi, uchumi, usalama kazini, na kuongoza watu. Shahada nyingi za ujenzi hapa nchini huchukua miaka 4. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kina skuli inayofundisha ubunifu majengo, uchumi wa ujenzi na usimamizi wake pamoja. Huku kwetu, MUST ya Iyunga, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, iliyoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya na kuwa chuo kikuu mwaka 2012, ina historia ndefu ya kufundisha ujenzi kwa vitendo. Majina ya kozi hutofautiana na hubadilika, hivyo fungua mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika usome sifa za kujiunga kwa macho yako, usisikilize ya kijiweni.

Kabla hujabofya kuthibitisha, uliza swali moja: mhitimu wa shahada hii anasajiliwa na bodi ipi? Tunazo bodi tatu zinazochanganywa kila siku. Bodi ya wahandisi, ERB, husajili wahandisi, na mhitimu wa uhandisi hupitia mafunzo ya kazini ya kama miaka 3 kabla ya kuwa mhandisi kamili. Bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, AQRB, ina watu wake. Bodi ya makandarasi, CRB, husajili kampuni na si vyeti vya mtu, ikizipanga kwa madaraja. Kwa majengo na barabara ni saba, la saba likiwa la kuanzia. Nilimwambia binti yetu wazi: shahada ya usimamizi wa ujenzi haitakufanya mhandisi. Kama moyo wako unataka kukokotoa madaraja, soma uhandisi, na bado utaweza kujifunza usimamizi baadaye. Kama unapenda kupanga, kuhesabu, kujadiliana na kuona kitu kinasimama, hapa ndipo.

Kwamba ni fani ya waliokosa alama, hapana. Inataka hesabu, na inataka kitu ambacho mtihani wa kidato cha sita haupimi, yaani uwezo wa kusimama mbele ya watu hamsini wanaokudai majibu. Kwamba ni kazi ya wanaume, vilevile hapana. Ratiba na hati za malipo hazibebwi begani. Kwamba fundi mzoefu anatosha, jibu langu ni refu kidogo. Fundi mzoefu anajua kazi yake kuliko mhitimu yeyote. Ila mkataba, madai ya fedha na kazi za makundi sita kwa wakati mmoja ni mambo mengine. Na njia iko wazi kwake pia: VETA, kisha stashahada, kisha shahada. Wasimamizi wazuri kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi walipita njia hiyo.

Jinsi ya kujiandaa tangu mwaka wa kwanza

Mafunzo kwa vitendo mara nyingi huangukia kati ya Julai na Septemba. Kwa nyanda zetu huo ndio msimu wa kilele wa ujenzi, bahati ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Usisubiri barua ya chuo ikutafutie nafasi. Mwezi Machi au Aprili peleka maombi TANROADS, TARURA, kwa mhandisi wa halmashauri, kwa wakandarasi, na kwa majimbo na dayosisi za makanisa yetu, Moravian, KKKT na Katoliki, ambazo hujenga shule na hospitali mwaka hadi mwaka. Usiombe kukaa ofisini. Omba kukaa stoo wiki mbili, kwenye zege wiki mbili, na pamoja na mtu wa vipimo wiki mbili.

Beba daftari. Andika kila siku hali ya hewa, idadi ya watu, vifaa vilivyoingia, kazi iliyofanyika, na kilichokwamisha. Daftari la namna hiyo ndilo linaloamua kesi mkandarasi anapoomba kuongezewa muda, na ndilo litakalokutofautisha kwenye usaili. Jifunze Excel mpaka uitumie bila kufikiri. AutoCAD ya kusoma na kurekebisha michoro. Programu za ratiba kama MS Project zitakuja kwa urahisi ukishaelewa maharage.

Jifunze kutafsiri. BOQ na mikataba kwa kawaida huwa kwa Kiingereza, fundi anaambiwa kwa Kiswahili, na makosa mengi huzaliwa hapo katikati. Karatasi inasema zege lifunike nondo kwa milimita 25. Saidia fundi anaambiwa "acha nafasi kidogo". Kidogo ya nani? Msimamizi mzuri anafyatua biskuti za saruji zenye unene huohuo, anazifunga chini ya nondo, na mjadala unaisha.

Zijue sheria zinazokulinda na kukubana. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inasimamiwa na OSHA, na kofia ngumu si pambo la siku ya wageni. Ujue mfumo wa NeST ambako zabuni za umma hupita, ujue kwamba sehemu ya manunuzi ya umma, asilimia 30, imetengwa kwa makundi maalumu wakiwemo vijana na wanawake. Anayetaka kuanzisha kampuni na wenzake baadaye anapaswa kuanza kuelewa njia hiyo akiwa bado chuoni, maana ajira za serikali hazitatosha wote.

Na ipo siku utaletewa karatasi usaini kwamba mifuko 80 imepokelewa, wakati umehesabu 60. Atakayekuletea anaweza kuwa mkubwa wako, tena mtu anayekupenda. Uamue leo utajibu nini, kwa sababu siku ile hakutakuwa na muda wa kufikiri.

Binti wa dada yangu alichagua usimamizi wa ujenzi. Kabla ya chuo kufungua alikuja Mbeya, nikamkabidhi kwa fundi mkuu wa saiti moja ya darasa kule Igawilo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa stoo: kuhesabu mifuko inayoingia asubuhi na inayobaki jioni. Siku ya tatu alinipigia. "Mjomba, leo imepungua mitano. Nimeshahesabu mara mbili. Naanzia kwa nani?"